Maoni Yetu na Neno la Bwana

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi

Mafungu ya kusoma: Luka 13:1–5 na 31–33; 1 Wakorintho 7:10–25; Kutoka 23:1–2; Mithali 18:13 na 17.



Somo la safari hii halikutoka katika kitabu cha masomo. Limetoka uani mwa kanisa letu, kwenye meza ya chai baada ya ibada.

Mnakumbuka jinsi nchi yetu ilivyotikisika mwezi wa Juni mwaka 2024 kwa ajili ya Mswada wa Fedha. Vijana walitoka barabarani katika miji mingi. Tarehe 25 wengine waliingia katika majengo ya Bunge huko Nairobi, risasi zikapigwa, watu wakafa. Siku ya pili yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Jumapili iliyofuata wazee wawili wa kanisa letu walikutana kwenye chai. Mmoja ni baba aliyestaafu kazi ya polisi. Mwingine ni mama ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa waandamanaji. Baba alisema kwamba Mkristo haandamani, na kwamba Warumi 13 imekwisha maliza maneno. Mama akajibu kwamba Mkristo aliyekaa nyumbani siku ile amewauza watoto wake, na nabii Amosi ndiye shahidi. Sauti zikapanda, vikombe vikaachwa mezani na chai ndani. Jumapili ya pili, tulipofika mahali pa kupeana amani, wale wawili walipitana kama watu wasiojuana. Ikawa hivyo majuma mengi.

Twayaandika haya kwa ruhusa yao wote wawili, nasi twawashukuru.

Tangu siku ile twajiuliza: Je, Mkristo ana ruhusa ya kuwa na maoni juu ya siasa na mambo ya dunia? Na ikiwa anayo, ayaseme namna gani, asije akalitumia Neno la Mungu kama rungu la kumpigia ndugu yake? Hilo ndilo somo letu.

1. Habari walizomletea Bwana

Wako watu wasemao kwamba habari za serikali na vita si mambo ya kanisani. Tusome Luka 13. Hapo twaona watu wakimjia Bwana na habari mbichi kabisa: Pilato amewaua Wagalilaya walipokuwa wakitoa dhabihu zao. Hiyo ilikuwa siasa. Pilato alikuwa liwali wa dola ya kigeni, na Wagalilaya walikuwa watu wa nyumbani kwake Yesu. Bila shaka waliomletea habari ile walitaka kusikia atasimama upande gani.

Bwana hakuwafukuza. Hakusema kwamba habari zile hazimhusu. Wala hakumsifu Pilato. Bali aliwauliza swali ambalo hawakulitazamia: je, wadhani waliokufa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine? Akaongeza habari nyingine, ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, kisha akawaambia wasikiaji wake watubu wao wenyewe. Walikuja na kidole kilichoelekezwa kwa mwingine, wakarudi na kidole kilichoelekezwa kwao.

Lakini tusidhani kwamba Bwana aliogopa wakubwa. Katika sura ile ile, Mafarisayo walipomwonya kwamba Herode ataka kumwua, alimwita Herode mbweha, akasema kwamba kazi yake itaendelea. Tena kumbukeni wale aliowaita. Mathayo alikuwa mtoza ushuru, aliyekula mkate wa serikali ya Kirumi. Simoni aliitwa Zelote, jina la watu wenye wivu mkali kwa ajili ya taifa lao. Watu wa namna hizo mbili huko nje hawakuwa wakiketi pamoja. Kwa Bwana waliketi meza moja. Injili haituambii kwamba walilazimishwa kwanza wawe na maoni mamoja. Yatuambia tu kwamba wote wawili walimfuata.

Basi jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Mkristo ana ruhusa ya kuwa na maoni. Tena yampasa, maana apendaye jirani yake hawezi kutojali jinsi jirani anavyotawaliwa.

2. Mtume Paulo alitenga mambo mawili

Sasa twende kwa Paulo. Katika 1 Wakorintho 7 aliulizwa maswali magumu ya ndoa. Angalieni sana jinsi alivyojibu. Juu ya jambo moja asema kwamba si yeye anayeagiza, ni Bwana. Juu ya jambo la pili asema kwamba hilo asema yeye, si Bwana. Juu ya jambo la tatu akiri wazi kwamba hana amri kutoka kwa Bwana, ila atoa shauri lake, kama mtu aliyepata rehema na anayestahili kuaminiwa.

Ndugu, huyu alikuwa Mtume. Aliyaona maono, alianzisha makanisa, alipigwa na kufungwa kwa ajili ya Injili. Kama kuna mtu ambaye angeweza kusema, "Maoni yangu ni maoni ya Mungu," ni yeye. Wala hakusema. Alitenga: hii ni amri ya Bwana, na hili ni shauri langu. Shauri lake halikuwa la kutupwa, lakini hakulivika nguo ambayo si yake.

Hapa ndipo sisi tunapokosa. Twakosa kwa njia mbili. Kwanza, twachukua maoni yetu na kuyaita Neno la Bwana. Ndipo ndugu asiyekubaliana nasi anakuwa mpinzani wa Mungu. Pili, twachukua Neno la Bwana na kuliita maoni tu, ndipo dhambi iliyo wazi inaachwa ipite, kwa kuwa "kila mtu ana mtazamo wake." Makosa haya mawili yote yametokea katika nchi yetu, na watu wazima wanayakumbuka. Na tuyatazame.

3. Mlolongo

Mwaka 1986 chama cha KANU, ambacho wakati ule kilikuwa chama pekee kisheria, kiliamua kwamba wagombea wa viti vya Bunge wateuliwe kwa mlolongo. Wapiga kura walipaswa kupanga mstari nyuma ya wakala au picha ya mtu wanayemtaka, mchana kweupe, kila mtu akitazamwa na chifu wake, mwajiri wake na jirani yake. Aliyepata asilimia 70 au zaidi katika mlolongo alihesabiwa kuwa amechaguliwa, bila kura ya siri kufuata.

Mwezi wa Agosti mwaka ule wachungaji zaidi ya elfu moja walikuwa wamekutana Nairobi chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, NCCK. Waliupinga utaratibu huo. Walisema kwamba mchungaji akionekana katika mstari wa mtu mmoja, amewafukuza kondoo walio katika mstari wa mwingine, na kwamba Wakristo wengi wangeona afadhali wasipige kura. Serikali ilikasirika. Baadaye viongozi wa dini waliambiwa kwamba wao hawatalazimika kupanga mstari. Lakini mkulima na muuza mboga walibaki katika mlolongo, chini ya macho ya wakubwa.

Wala Wakristo wote hawakukubaliana na NCCK. Kanisa la Africa Inland Church lilijitoa katika Baraza lile mwaka ule ule wa 1986. Walikuwako watu wanyofu waliosema kwamba kazi ya kanisa ni kuombea serikali, basi.

Katika Kanisa letu, ambalo wakati ule liliitwa Kanisa la Jimbo la Kenya, yaani CPK, maaskofu kadha walisema wazi: Henry Okullu wa Maseno Kusini, Alexander Muge wa Eldoret, na David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki. Mwaka 1987 Gitari alihubiri habari za Danieli katika tundu la simba. Alieleza jinsi sheria ya Dario ilivyopitishwa kwa haraka bila watu wote kushauriwa, na jinsi mfalme alivyojuta baadaye. Hakuwa na haja ya kutaja jina la mtu. Kila aliyekaa kanisani alielewa.

Kisha ukaja uteuzi wa Februari 1988. Mahali pengi watu waliona kwa macho yao mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu. Hapo hapakuwa na karatasi za kuhesabu tena. Watu wakiisha kutawanyika, ushahidi umekwenda nao nyumbani. Maaskofu walisema yale ambayo watu waliyaona. Walilipa. Mwezi wa Aprili 1989 watu wabaya waliivamia nyumba ya Askofu Gitari usiku. Alipanda juu ya paa akapiga kelele, majirani wakaja, akapona. Mwezi wa Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya Askofu Muge hadharani asithubutu kuingia Busia, kwamba hatatoka hai. Muge alikwenda. Tarehe 14, akiwa njiani kurudi Eldoret, gari lake liligongana na lori akafa. Waziri yule alijiuzulu. Hayo ndiyo yajulikanayo na wote. Wengi wana dhana zaidi ya hapo, nasi hatuwakatazi kuuliza. Lakini twaona vema kuyaweka yajulikanayo upande huu na dhana upande ule, kama Paulo alivyotufundisha.

Mwezi wa Desemba 1990 KANU yenyewe iliuondoa mlolongo. Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ikaondolewa, na tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya wakapiga kura ya siri chini ya vyama vingi.

Sasa twaulize: maaskofu wale walihubiri maoni yao, au walihubiri Neno? Twaona yafaa kutenga. Kusema kwamba mstari mfupi ni mrefu ni uongo. Amri ya kutoshuhudia uongo iko katika Kutoka 20, wala haihitaji askofu awe na maono mapya. Kumtisha maskini ili asiseme lililo moyoni mwake ni kumdhulumu, na manabii wote wamelikemea. Juu ya mambo hayo maaskofu walikuwa na amri ya Bwana mkononi, na kukaa kimya kungalikuwa dhambi. Lakini je, nchi iwe na chama kimoja au vingi? Hapo Maandiko hayana amri. Wakristo wema walibishana sana juu ya hilo mwaka 1990 na 1991, na kila mmoja alikuwa akitoa shauri lake. Wengine wameonekana baadaye kuwa walishauri vizuri kuliko wenzao, lakini lilikuwa shauri.

Tusilisahau pia onyo kutoka Afrika Kusini. Huko kwa miaka mingi makanisa mengine yalisema kwamba ubaguzi wa rangi ni jambo la siasa, ambalo kila Mkristo aweza kuwa na maoni yake. Mwaka 1982 Muungano wa Makanisa ya Kireformed Duniani, uliokutana Ottawa, ulitamka kwamba kuutetea ubaguzi ule kwa Maandiko ni uzushi. Walichokiita maoni kilikuwa kuikana Injili, maana kiliwagawa kwa rangi watu ambao Kristo aliwafia pamoja. Basi mtu akikuambia, "Hayo ni maoni tu," uliza kwanza nani anayeumia.

4. Mwaka tuliokosa

Kosa la kwanza, la kuyaita maoni yetu Neno la Bwana, tulilifanya miaka 20 hivi baada ya mlolongo.

Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulitukuta makanisani tumekwisha gawanyika. Washiriki wengi walijua, kabla ya mahubiri kuanza, mchungaji wao ataombea mgombea gani. Mara nyingi ilitosha kujua kabila lake. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, nchi iliwaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu walihama makwao. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa, karibu na Eldoret, mji ule ule wa Askofu Muge, kanisa lililojaa wakimbizi lilichomwa moto. Wengi wa waliofia humo walikuwa wanawake na watoto. Walikimbilia kanisani kwa kuwa waliamini kwamba hakuna atakayewagusa humo.

Baadaye mwaka 2008 tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ilisema kwamba hesabu za kura ziliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Fikirini jambo hilo. Watu walichinjana kwa hakika waliyokuwa nayo mioyoni, na hakika ile haikuwa na msingi wo wote uliopimika. Kila upande ulijua. Kumbe hakuna aliyejua.

Mwezi wa Februari 2008 NCCK ilitoa tamko la toba. Viongozi wa makanisa walikiri kwamba hawakuweza kuyakabili mambo yale kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wameegemea pande. Twaliheshimu sana tamko hilo. Baraza lile lile lililosimama imara mwaka 1986 lilikuwa na ujasiri wa kusema mwaka 2008, "Tumekosa."

Ni nini kilichobadilika katikati? Mwaka 1986 wachungaji walisema juu ya jambo: mlolongo, uongo, vitisho. Mwaka 2007 wengi walisema juu ya mtu: huyu ni wetu, yule ni wao. Na mtu akisimama mimbarani kumtetea mtu wake, hana tena sauti ya kumkemea mtu huyo akosapo, wala wale wa upande wa pili hawamsikii hata akisema kweli. Damu ilipomwagika, nchi ilimtafuta mpatanishi, nasi tuliopaswa kuwa wapatanishi tulionekana kuwa washtakiwa. Alikuja Bwana Kofi Annan kutoka mbali, na mapatano yakatiwa sahihi tarehe 28 Februari.

Kwa hiyo hatukushangaa tarehe 12 Septemba 2021, huko Butere, siku Askofu Rose Okeno alipowekwa wakfu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipotangaza kwamba wanasiasa hawatapewa nafasi ya kuhutubia ibadani. Watu wakubwa wa siasa walikuwapo siku ile. Walikaribishwa kuketi na kusali kama waumini wengine. Kuna waliosema kwamba kanisa limekimbia siasa. Sisi twaona kwamba limesafisha mimbari, ili siku ikihitajika kusema juu ya jambo, isemwe na mtu asiyedaiwa fadhili.

5. Vita vya nchi za mbali

Mtasema, hayo ni ya kwetu. Na ya dunia je? Siku hizi habari za mwisho wa dunia zafika katika simu zetu kabla ya chai kupoa. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, tuliviona mpaka katika bei ya unga wa ngano. Januari 2025 tulisikia kwamba Goma, mashariki ya Kongo, imeingia mikononi mwa M23. Huko wako Waanglikana wenzetu wasalio kwa Kiswahili kama sisi. Tusijifanye kwamba hayatuhusu.

Tuchukue mfano mmoja. Katika mji wa Gaza iko hospitali iitwayo Al Ahli. Ilianzishwa mwaka 1882 na CMS, shirika lile lile lililomleta Krapf Mombasa mwaka 1844, na leo iko chini ya Dayosisi ya Kianglikana ya Yerusalemu. Ni hospitali ya kanisa letu. Tarehe 17 Oktoba 2023 palitokea mlipuko katika uwanja wake, ambamo watu wengi walikuwa wamejihifadhi. Kabla ya saa moja kupita Wapalestina walisema ni Israeli iliyopiga. Israeli ikasema ni roketi ya kundi la Kipalestina iliyoanguka kwa makosa. Hesabu za waliokufa zilitofautiana sana.

Sisi huku tulifanya nini? Twaungama: tulipeleka ujumbe. Mmoja wetu alipeleka ujumbe wa upande huu, mwingine wa upande ule, kila mmoja akiwa na hakika kuliko hata wale waliokuwa pale wakihesabu maiti. Mwenzetu mmoja alituma picha, kisha ikajulikana kuwa ni ya nchi nyingine na ya mwaka mwingine. Ni wachache tulioketi na kuombea wauguzi wa Al Ahli. Waliochomeka hawakusaidiwa na ubishi wetu hata kidogo.

Lakini sikilizeni upande wa pili wa jambo hili, maana tahadhari si kisingizio cha kunyamaza. Tarehe 13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi, hospitali ile ile ilipigwa, na sehemu ya majengo yake ikabomolewa. Safari hii Israeli yenyewe ilikubali kwamba ndiyo iliyopiga, ikidai kwamba Hamas walipatumia mahali pale. Nani alipiga halikuwa jambo la kubishaniwa tena, na Dayosisi ya Yerusalemu ilisema wazi kwamba yalaani tendo lile. Hivyo ndivyo ilivyo: panapo shaka, tungoje, palipo wazi, tuseme.

6. Tufanyeje basi?

Twatoa mashauri matano. Ni mashauri, si amri.

Kwanza, tupime habari kabla ya kuipeleka. Kutoka 23 yakataza kueneza habari za uongo, nayo haisemi kwamba aliyeeneza bila kujua hana neno. Uliza: nani amesema? Alikuwapo? Mtu wa upande wa pili asemaje? Mithali 18 yatukumbusha kwamba anayetangulia kueleza daawa yake huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje.

Pili, tutumie maneno yaliyo sawa na uzito wa jambo. "Imeandikwa" ni la yale yaliyoandikwa. Juu ya kodi, vyama na mapatano ya mataifa, maneno yetu yawe, "Mimi naona hivi, kwa sababu hii." Sababu ni muhimu. Asiye na sababu hana maoni. Ana hasira tu, au ana kabila.

Tatu, tusiende na wengi kutenda uovu. Hilo nalo limo katika Kutoka 23. Wengi waweza kuwa umati wa barabarani, na waweza kuwa wakubwa ofisini. Mkristo aweza kuandamana kwa amani, na Mkristo aweza kuwa askari polisi. Hakuna kati yao aliyeruhusiwa kuchoma duka la mtu, wala kumpiga risasi mtu asiye na silaha.

Nne, tuombee upande wa pili kwa jina. Si "wabadilishwe mioyo wawe kama sisi," bali walindwe, wapewe hekima, watoto wao warudi nyumbani salama.

Tano, woga tusiuite hekima. Kuna siku ambapo amri ya Bwana iko wazi na kila mtu anatazama chini. Siku hiyo anayenyamaza amekwisha panga mstari nyuma ya mtu, hata kama hakuondoka kitini pake.

Mwisho wa habari ya chai

Twamalizia na wale wazee wetu wawili. Kasisi hakuwahubiri. Aliwaomba wamtembelee pamoja mshiriki aliyekuwa mgonjwa hospitalini, kwa kuwa zamu ilikuwa yao. Walikwenda kwa matatu moja, kimya. Wakati wa kurudi mama akasema kwamba usiku wa tarehe 25 hakulala, maana simu ya mwanawe ilizimika saa kumi jioni, akaipata asubuhi. Baba naye akasema kwamba katika kazi yake aliwahi kuamriwa kuwapiga risasi watu, akafyatua juu, na tangu hapo hajamwambia mtu, hata mkewe.

Hawajakubaliana juu ya maandamano. Mama bado aona kwamba vijana waliiokoa nchi, na baba bado aona kwamba nchi ilikuwa karibu kuanguka. Lakini baba haleti tena Warumi 13 mezani kama mtu aletaye hati ya kukamata, na mama amemwacha Amosi aseme nao wote wawili. Jumapili iliyopita walipeana amani. Ilikuwa ya haraka na mikono ilikuwa mizito kidogo. Lakini ilitolewa, ikapokelewa.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika Luka 13, kwa nini Bwana hakujibu kwa kumhukumu Pilato? Je, maana yake ni kwamba alikubali alilotenda?

2. Taja jambo moja la siasa ambalo juu yake una amri ya Bwana, na jingine ambalo una shauri tu. Je, wenzako katika kikundi wayatenga kama wewe?

3. Wale mnaokumbuka mwaka 1988 na mwaka 2007, waelezeni vijana mliyoyaona kwa macho yenu. Vijana waulize maswali.

4. Je, umewahi kupeleka habari ambayo baadaye ilionekana si kweli? Ulifanya nini?

5. Yuko mtu katika parishi yetu ambaye hampeani amani kwa ajili ya siasa? Nani aanze?

Na tuombe

Bwana Mungu wetu, wewe wajua yaliyo kweli, nasi twajua kwa sehemu. Utupe masikio ya kusikia kabla ya kusema, na moyo wa kusema penye haki ya maskini. Utuokoe tusikufanye wewe kuwa mfuasi wa chama chetu. Walinde watoto wetu walio barabarani, na watoto wetu waliovaa sare. Wafariji waliofiwa Kiambaa, Nairobi, Goma na Gaza. Utukusanye sote kwenye meza moja, kama ulivyowakusanya Mathayo na Simoni, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.